Kuweka Sawa Shokapu ya Nyuma ya Kwadi ya Mbio kwa Mwendeshaji Mwepesi: Mwongozo Kamili

Kama una kilo 50 au 55 na unapanda kwadi ya mbio (pikipiki ya magurudumu manne) yenye injini ya cc 450, pengine hali hii unaijua. Nyuma inakurusha kwenye matuta, inacheza kushoto na kulia unapofunga breki, na kila anayekutazama anakushauri ulegeze springi. Unalegeza. Sasa nyuma imekaa chini, mbele imekuwa nyepesi, kona zinakutoa nje ya mstari, na matuta bado yanakurusha vilevile.

Sababu ni moja. Pete iliyo juu ya springi haibadilishi ugumu wa springi. Kazi yake ni kupandisha na kushusha nyuma ya kwadi, basi. Springi ngumu ikilegezwa pete inabaki kuwa springi ngumu, ila imekaa chini zaidi. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao nimeona ukifanya kazi: kwanza kimo, kisha springi yenyewe, kisha urejeo (kasi ya shokapu kunyooka), na mgandamizo (kizuizi cha shokapu inapobanwa) mwisho. Ukiruka hatua, zinazofuata zitakudanganya.

Maelezo haya ni ya kwadi za mbio zenye ekseli moja nyuma, mkono mmoja unaoibeba, na shokapu moja iliyounganishwa na mkono huo kwa linki (vyuma vifupi vyenye beringi), kama Yamaha YFZ450R na Honda TRX450R.

## Vitu vya kuandaa

- Tepu ya kupimia yenye milimita, na alama ya kudumu au kipande cha gundi ya karatasi
- Stendi au jeki ya kuinua nyuma hadi matairi yaelee
- Spana ya ndoano ya kuzungushia pete za springi
- Bisibisi bapa na spana inayoingia kwenye nati ya mgandamizo wa kasi
- Geji ya upepo ya shinikizo dogo. Ile ya matairi ya gari haisomi vizuri chini ya psi 10
- Kamba ndogo ya plastiki ya kufungia nyaya
- Grisi, kitambaa, daftari na kalamu
- Watu wawili wa kusaidia: mmoja ashike kwadi, mwingine apime
- Mwendeshaji mwenyewe, akiwa na mavazi yote ya mbio

Hilo la mwisho halina mbadala. Kofia, buti, kinga za mwili na nguo huongeza kilo kadhaa, na kwa mtu wa kilo 50 ongezeko hilo ni sehemu kubwa ya uzito wake. Tangi la mafuta liwe nusu au karibu na hapo.

## Hatua ya 1: Hakikisha nyuma inasogea bila kukwama

Osha linki na shokapu. Inua nyuma, shika tairi, sukuma juu na chini, kisha kushoto na kulia. Ukisikia mlio au ukaona mchezo kwenye beringi za linki au za mkono wa nyuma, fungua, safisha, paka grisi au badilisha.

Mwendeshaji mzito anaweza kuishi na linki yenye beringi kavu bila kujua, kwa sababu uzito wake unalazimisha linki isogee. Wewe huna kilo hizo. Msuguano mdogo kwenye linki utauhisi kama springi ngumu, na utaanza kurekebisha kitu ambacho hakina kosa.

Tazama pia fimbo ya shokapu. Ikiwa na mafuta yanayotiririka au mikwaruzo, simama hapo. Shokapu inayovuja haiwezi kurekebishwa kwa skrubu. Ipelekwe kwa fundi wa shokapu.

Onyo: Usiguse vali ya gesi iliyo kwenye kopo la shokapu (chupa ndogo ya gesi iliyoungwa nayo). Ndani kuna nitrojeni yenye shinikizo kubwa. Kujaza au kutoa gesi hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vyake, na upepo wa kawaida wa pampu haufai kuwa mbadala.

## Hatua ya 2: Upepo wa matairi

Matairi ya kwadi ni sehemu ya shokapu, tena ndiyo yanayoguswa na tuta kwanza. Psi 1 tu inabadilisha kabisa unavyolihisi tuta dogo. Anza na kipimo cha kitabu cha kwadi au cha mtengenezaji wa tairi. Matairi yote mawili ya nyuma yalingane, na upime yakiwa baridi. Andika kipimo hicho na usikiguse tena hadi umalize hatua zote.

## Hatua ya 3: Andika ulipoanzia

Zungusha skrubu ya urejeo kuelekea kulia, ukihesabu kliki, mpaka ifunge kabisa. Andika idadi, kisha irudishe ilipokuwa. Fanya hivyohivyo kwa skrubu ya mgandamizo wa polepole na nati ya mgandamizo wa kasi (tofauti yake iko hatua ya 9). Nati hiyo mara nyingi huhesabiwa kwa mizunguko na robo zake.

Skrubu ya urejeo kwa kawaida iko chini ya shokapu, karibu na inaposhikana na linki. Za mgandamizo ziko kwenye kopo la gesi au juu ya shokapu.

Hesabu zote zianzie kwenye kufunga kabisa, kamwe usianzie kwenye kufungua, kwa sababu mwisho wa kufungua hauna kituo cha uhakika. Na unapofunga, fungia kwa vidole vilivyolegea. Ndani kuna sindano nyembamba inayokaa kwenye tundu dogo, na nguvu ya mkono inatosha kuiharibu.

## Hatua ya 4: Pima mizamo miwili

Mzamo ni kiasi ambacho nyuma inashuka kwa uzito. Unahitaji vipimo vitatu, vyote kutoka katikati ya ekseli kwenda juu, kwa mstari uliosimama wima, hadi kwenye alama uliyoweka kwenye bodi ya nyuma au chuma cha kushikia. Ukipima kutoka kwenye ekseli, matairi hayaingilii hesabu.

Kipimo A. Inua nyuma mpaka matairi yaache ardhi kabisa na shokapu inyooke yote. Pima.

Kipimo B. Shusha kwadi kwenye sakafu tambarare, gia iwe frii, breki ziachiwe. Sukuma nyuma chini kwa nguvu, iachie ipande yenyewe taratibu, isogeze kwadi mbele nusu mzunguko wa tairi, kisha pima. Halafu inua nyuma kidogo, iachie ishuke yenyewe, isogeze tena, pima. Wastani wa vipimo hivyo viwili ndio kipimo B.

Kipimo C. Mwendeshaji apande akiwa na mavazi yote, miguu kwenye vikanyagio, mikono kwenye usukani, akae pale anapokaa kweli kwenye mbio. Adundedunde mara chache, kwadi isogezwe, apimwe kwa njia ileile ya wastani.

Kuisogeza kwadi kuna sababu. Shokapu zinaposhuka, matairi ya mbele hutaka kusogea pembeni na ekseli ya nyuma husogea mbele au nyuma kidogo. Matairi yakiwa yameng'ang'ania sakafu, yanaizuia kwadi isikae kwenye kimo chake halisi.

Hesabu:

- A kutoa B ni mzamo mtupu, wa kwadi peke yake
- A kutoa C ni mzamo wa mwendeshaji

Ikiwa vile vipimo viwili vya kupatia wastani vinapishana kwa zaidi ya sentimita moja hivi, kuna msuguano mahali fulani. Rudi hatua ya 1.

## Hatua ya 5: Weka mzamo wa mwendeshaji

Tafuta kwenye kitabu cha kwadi urefu wa mwendo wa gurudumu la nyuma. Kwenye kwadi nyingi za mbio ni kati ya takriban milimita 230 na 280. Lengo la kuanzia ni mzamo wa mwendeshaji wa asilimia 30 hadi 33 ya mwendo huo. Kwa mwendo wa milimita 280, ni kama milimita 84 hadi 92. Mtengenezaji wa shokapu yako akitoa namba yake, fuata yake.

Safisha nyuzi za shokapu kwa brashi, legeza pete ya juu ya kufungia, kisha zungusha pete ya chini kwa spana ya ndoano. Ukikaza, nyuma inapanda na mzamo unapungua. Ukilegeza, nyuma inashuka. Kwa sababu ya linki, milimita moja kwenye pete hutoa takriban milimita mbili hadi tatu kwenye gurudumu, kwa hiyo enda nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, na upime upya kila mara.

Onyo: Usilegeze hadi springi ianze kucheza shokapu ikiwa imenyooka. Springi inayoelea inagonga kila unaporuka na inaweza kukaa upande. Ukifika hapo na mzamo bado haujatosha, jibu umeshalipata: springi ni ngumu mno kwako.

## Hatua ya 6: Soma springi yako

Hapa ndipo wengi hupotea. Mzamo wa mwendeshaji ukishakuwa sawa, pima upya mzamo mtupu. Namba hiyo ndiyo inayosema kama springi inakufaa. Ianzie kwenye asilimia 10 hadi 15 ya mwendo, yaani takriban milimita 28 hadi 42 kwa mwendo wa 280.

Sasa soma kwa makini, maana inakwenda kinyume na unavyotarajia:

- Mzamo mtupu ni mkubwa mno: springi ni ngumu mno.
- Mzamo mtupu ni mdogo mno, au haupo: springi ni laini mno.

Kwadi inayozama sana ikiwa tupu inaonekana laini, lakini fikiria ulivyofika hapo. Springi ngumu haikubali kushuka kwa uzito wako mdogo, kwa hiyo ulilazimika kulegeza pete sana ili upate mzamo wa mwendeshaji. Pete ikilegezwa hivyo, kwadi inajizamia yenyewe kabla hujapanda, na ukipanda haiongezi mengi.

Mfano: A ni milimita 612, B ni 564, C ni 525. Mzamo wa mwendeshaji ni 87, mzuri kabisa. Mzamo mtupu ni 48, mkubwa. Tofauti kati ya B na C ni 39 tu. Mtu amepanda na nyuma imeshuka milimita 39. Hiyo ni springi ya mtu mzito. Akiweka springi laini zaidi na kukaza pete mpaka C irudi 525, B itapanda kuelekea 575, na mzamo mtupu utashuka hadi karibu 37.

Kwenye kununua, tazama kiwango kilichochapwa kwenye koili. Huandikwa kwa N/mm, kg/mm au pauni kwa inchi. Kg/mm 1 ni takriban N/mm 9.8, au pauni 56 kwa inchi. Shuka hatua moja, kiasi cha asilimia 5 hadi 10, kisha pima upya. Mwepesi sana anaweza kuhitaji hatua mbili. Urefu wa springi na kipenyo chake cha ndani lazima vilingane na vya zamani.

Ikiwa shokapu yako ina springi mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, usibadilishe ya juu peke yake kwa kukisia. Mahali ambapo ndogo inafunga na kubwa inachukua mzigo hupangwa kwa pamoja, na muuza springi anapaswa kukupa seti nzima kwa uzito wako.

Onyo: Legeza pete hadi mwisho kabla ya kutoa springi. Ikiwa bado imebanwa, tumia kibanio cha springi, usiichokonoe kwa bisibisi. Springi iliyobanwa ikiruka inavunja mkono.

Umefaulu ukiona: mizamo yote miwili iko ndani ya vipimo, na springi haichezi shokapu ikinyooka. Kama hutaki kununua springi kwa sasa, endelea na hatua zinazofuata, lakini ujue mahali kikomo kilipo: skrubu zitapunguza maumivu, springi ngumu haitageuka.

## Hatua ya 7: Kimo cha mbele na cheni

Mwendeshaji akiwa amepanda, tazama chini ya fremu kutoka ubavuni. Iwe karibu tambarare. Nyuma ikiwa imezama waziwazi, mbele itateleza nje kwenye kona. Nyuma ikiwa juu sana, usukani utatetemeka ukifunga breki kwa kasi. Rekebisha shokapu za mbele zifuate nyuma, usiharibu mzamo wa nyuma uliohangaikia.

Pima mlegeo wa cheni tena, kwa sababu kimo kimebadilika. Cheni hukaza zaidi pale sproketi ya mbele, bolti ya mkono wa nyuma na ekseli zinapokuwa kwenye mstari mmoja. Mlegeo uwepo hata hapo.

## Hatua ya 8: Urejeo

Urejeo ni kasi ambayo shokapu inanyooka baada ya kubanwa. Kazi yake ni kuizuia springi. Ukiweka springi laini bila kugusa urejeo, kizuizi kinakuwa kikubwa kuliko springi, na nyuma inarudi polepole mno. Ndiyo maana wapo wanaobadilisha springi na kulalamika kwamba kwadi imekuwa ngumu kuliko mwanzo.

Ukiwa na springi laini zaidi, anza kwa kufungua kliki 2 hadi 4 kutoka pale ilipokuwa. Kisha nenda kwenye njia. Zunguka mara mbili tatu kwanza ili mafuta ya shokapu yapate joto, maana yakiwa baridi ni mazito na yatakupa jibu la uongo.

Tafuta mstari wa matuta ya breki (yale yanayojitokeza mahali watu wanapofunga breki), matatu au zaidi, ambayo matairi yote mawili ya nyuma yanayapiga pamoja. Tuta linalopiga tairi moja halifai kwa jaribio hili. Mkono wa nyuma hauwezi kuinama kushoto au kulia peke yake, kwa hiyo tuta la upande mmoja linalaza kwadi nzima, na utadhani ni kosa la shokapu.

Pita kwa kasi ileile, ukiwa umesimama, magoti yamelegea. Sikiliza tuta kwa tuta:

- La kwanza linapita vizuri, la tatu linagonga kwa ukali, nyuma inahisi kukaa chini: urejeo ni polepole mno. Shokapu haijanyooka kabla ya tuta linalofuata, na kila tuta linaikuta fupi zaidi. Fungua kliki 1 au 2.
- Nyuma inapanda juu tangu tuta la kwanza na kiti kinakufuata matakoni: urejeo ni haraka mno. Funga kliki 1.
- Nyuma inapanda na kushuka na kila tuta, mwili wako unabaki kwenye kimo kilekile: uko mahali pake.

Wale wanaopima urejeo kwa kusukuma nyuma kwa mikono wakiwa karakana, hasa kama fundi ni mzito kuliko mwendeshaji, wanapima uzito wa fundi. Kwa kuanzia sawa, kwa kumalizia hapana.

Kumbuka pia kwamba nyuma inayorusha inaweza kutokana na mgandamizo mgumu. Kama umefunga kliki mbili za urejeo na bado unarushwa, rudisha ulikotoka uende hatua inayofuata. Nimeona waendeshaji wepesi wakifunga urejeo mpaka mwisho kutibu kurushwa, na hapo hujenga tatizo la pili juu ya la kwanza.

## Hatua ya 9: Mgandamizo

Kasi inayotajwa hapa ni ya fimbo ya shokapu, wala si ya kwadi. Mgandamizo wa polepole unahusu mambo yanayokuja taratibu: kuvuta mafuta kutoka konani, kulala kwa fremu, kupanda uso wa mruko. Mgandamizo wa kasi unahusu mapigo ya ghafla: tuta lenye kona kali, jiwe, kutua vibaya.

Kwa mwepesi, mara nyingi wa kasi ndio unaoumiza. Fungua nati robo mzunguko, pita kwenye matuta makali, linganisha. Endelea robo kwa robo mpaka ukali upungue.

Wa polepole uuache ulipo mwanzoni. Ukiona nyuma inaketi sana unapovuta mafuta na mbele inapoteza mshiko, funga kliki 1 au 2. Ukiona tairi za nyuma zinazunguka bure kwenye matuta madogo unapotoka konani, fungua kliki 1 au 2. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio na uandike kabla hujaondoka.

## Hatua ya 10: Uone mwendo wote unatumika

Funga ile kamba ya plastiki kuzunguka fimbo ya shokapu, ibane kiasi cha kusogea kwa kidole, na uisukume hadi kwenye mwili wa shokapu. Kata ncha iliyozidi. Endesha mizunguko mitatu au minne kwa kasi yako ya mbio, kisha tazama iliposukumwa.

Inatakiwa ifike kwenye raba ya kuzuilia, au karibu nayo, kwa mruko mkubwa kuliko yote wa njia hiyo. Ikiacha sentimita kadhaa, una mwendo usiotumika: fungua mgandamizo wa kasi zaidi. Ikigonga raba kila mruko, funga kidogo.

Alama hii inatatua mabishano mengi. Mwendeshaji mwepesi akitua na kuhisi pigo mgongoni, husema shokapu imegonga mwisho, na fundi anaongeza mgandamizo. Tazama kamba kwanza. Pigo likiwepo na kamba iko katikati ya fimbo, shokapu haikufika mwisho. Ni ngumu mno, na kuifunga zaidi kutaongeza pigo.

## Skrubu zikifika mwisho

Ikiwa mizamo iko sawa, urejeo umefunguliwa karibu wote na nyuma bado inarudi polepole, au mgandamizo wa kasi umefunguliwa wote na kamba bado iko katikati, tatizo liko ndani. Sahani nyembamba za vali zilizopangwa kwa mtu mzito haziwezi kulainishwa kutoka nje.

Fundi wa shokapu atazipanga upya na kubadilisha mafuta. Mpe uzito wako ukiwa na mavazi, kiwango cha springi uliyonayo, mizamo yote miwili, kliki ulizoishia, na maelezo ya tuta gani linakuumiza na kwa namna gani. Ikirudi, anza tena hatua ya 3, kwa sababu hesabu za zamani za kliki hazitakuwa na maana kwenye vali mpya.